Ndoana Mbili, Kambare Mmoja

Mto ule ulikatiza mjini kama mgeni anayepita sebuleni kwa watu, umebanwa na kuta za saruji huku na huku, na rangi yake ilikuwa ya chai iliyolala. Hakuna aliyeyanywa maji yake. Lakini kila Jumapili asubuhi, chini ya daraja la reli, watu walishuka ngazi na fito zao na ndoo zao kwenda kuvua. Hawakuvua kwa njaa. Walikuwa makarani, madereva na wauza duka, watu waliosemeshwa wiki nzima, na sasa walitaka kukaa mahali ambapo hakuna wa kuwasumbua ila samaki.

Mahali pazuri kuliko pote palikuwa chini ya bomba kubwa la maji ya mvua lililotokeza ukutani. Kambare walipenda kulala hapo, kwenye kivuli. Na hapo walikaa watu watatu, mwaka wa pili sasa, kila mmoja na ngazi yake.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mama mstaafu mwenye miwani minene na kopo la biskuti lisilo na biskuti. Ndani ya kopo kulikuwa na plasta, dawa ya vidonda, koleo ndogo na kitambaa safi. Ukimuuliza alikwambia, "Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Siendi mahali bila plasta."

Wa pili alikuwa Kinyozi. Yeye alivua kwa chambo. Alichimba nyungunyungu nyuma ya kibanda chake cha kunyolea, akawachomeka kwenye ndoana, akatupa chubwi lake la kuzamisha uzi mahali pamoja, akakaa kimya kama mtu aliyeitwa ofisini akaambiwa asubiri.

Wa tatu alikuwa Cheche, fundi wa kuchomea vyuma. Cheche hakuweza kukaa. Alivua kwa samaki wa mti, aliowachonga mwenyewe na kuwapaka rangi, kila mmoja na ndoana mbili za miguu mitatu chini ya tumbo. Aliwatupa mbali, akawavuta mbio, akawatupa tena, siku nzima. Alikuwa na mdomo, lakini alikuwa na mkono pia. Vyuma vya kujishikia vilipoliwa na kutu kwenye ngazi zile, ni yeye aliyekuja na mashine yake siku ya kazi, akavichomea upya, hakumwambia mtu. Mwalimu aligundua kwa sababu vilikuwa bado na joto.

Sasa, mtu anayetupa samaki wa mti huuzungusha ufito nyuma ya bega kwanza, na miguu sita ya ndoana hupita hewani karibu na masikio ya jirani. Kwa hiyo watu wa ngazi zile walikuwa na desturi. Kabla ya kutupa, unasema, "Natupa." Jirani anatazama alipo, anajibu, "Tupa." Asipojibu, unangoja. Maneno mawili tu, na kwa miaka mingi hakuna sikio lililopotea.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya kambare mmoja. Alikuwa mkubwa, urefu wa mkono wa mtu mzima, na alipopandishwa ngazini alikutwa na ndoana mbili. Ya Kinyozi ilikuwa kooni. Ya Cheche ilikuwa imemnasa shavuni kwa nje. Kila mmoja alisema ni wake. Mwalimu aliombwa aamue, akafungua mdomo wa kambare kwa koleo lake, akachungulia, akasema samaki ni wa aliyemlisha, si wa aliyempitia njiani. Watu wakacheka. Cheche hakucheka. Aliapa kwamba hatamsemesha Kinyozi tena, na Kinyozi akajibu kwamba masikio yake yatashukuru.

Na kweli hawakusemeshana. Lakini hakuna aliyekubali kuhama, maana kuhama ni kushindwa. Wakaendelea kukaa bega kwa bega chini ya bomba, mwezi mzima, wamenuniana kama wake wenza. Na ile desturi? Ikambebesha Mwalimu mzigo. Cheche alimtazama, Mwalimu akasema, "Anatupa." Kisha akamtazama Kinyozi, akiona yuko salama, akajibu mwenyewe, "Haya, tupa." Alifanya hivyo mara mia kwa asubuhi moja, huku samaki wake wakila chambo bure, na hakulalamika hata siku moja.

Kinyozi alikuwa na sababu ya kuogopa ugomvi kuliko watu wengine. Miaka mitatu nyuma alimpiga mkewe. Haikuwa mara ya kwanza, lakini ile ilimvunja taya, akanywa uji kwa mrija wiki sita. Mke akaondoka na binti yao. Alipokubali kurudi, baada ya mwaka mzima na vikao vya wazee wa pande zote mbili, alisema jambo moja tu, mbele ya watu.

"Sikuombi usinipige mimi," alisema. "Nakuomba usimpige mtu. Mkono ukizoea haubagui. Siku utakayompiga mtu yeyote, hata mwizi, mimi na mtoto tunaondoka. Na sitauliza nani alianza."

Kisha yeye mwenyewe, kwa mshahara wake wa kushona sare kiwandani, akamnunulia ufito. Alisema mtu anayengoja samaki hujifunza kungoja mengine. Kila Jumapili alimfungia mkate na yai, na kila Jumapili Kinyozi alirudi na mikono ile ile aliyotoka nayo. Mwaka ukapita. Binti yake, wa miaka saba, alianza tena kumpandia mgongoni bila kuitwa.

Jumapili hiyo mto ulikuwa umejaa. Mvua ilinyesha usiku kucha, ngazi mbili za chini zilikuwa zimemezwa, na ya tatu ilikuwa na ute wa kijani. Bomba lilimwaga maji kwa kishindo, hata watu wakaongea kwa sauti ya juu. Cheche alifika amechelewa, macho mekundu kwa kazi ya jana.

"Mwalimu, habari za asubuhi," alisema. "Mwambie jirani yako minyoo yake inanuka mpaka barabarani."

"Mimi si posta, Cheche."

"Mwalimu," Kinyozi alisema, akitazama maji, "mwambie huyo bwana kama inanuka asogee. Mto ni mrefu."

"Mwambie ni mrefu kweli. Mwizi wa kambare za watu hata akienda kule chini atapata pa kuibia."

"Hata watoto wangu wa darasa la kwanza walipatana kabla ya kengele," Mwalimu alisema. "Anatupa. Haya, tupa."

Dereva mmoja wa lori aliyekaa ngazi za juu alicheka, akawaambia wenzake kwamba leo redio imewashwa mapema.

Wakaendelea hivyo saa nzima, na pengine ingeishia hapo. Lakini samaki wa mti wa Cheche, yule mwekundu aliyempenda kuliko wote, alinasa chini, kwenye takataka zilizoletwa na mvua. Cheche alivuta kulia, akavuta kushoto, akavuta kwa nguvu zote, uzi ukakatika ukamrudia usoni. Kinyozi alicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, pumzi tu puani, lakini Cheche alikisikia.

Cheche alifunga samaki mwingine mpya. Alikaza gurudumu la uzi mpaka mwisho, lisiachie hata kidogo, kama mtu aliyeapa kutopoteza kingine siku hiyo.

"Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa ya chini sasa. "Mwambie acheke kwa adabu. Mwanamume wa kumvunja mkewe taya asituonyeshe meno."

Dereva wa lori alitazama viatu vyake.

Habari hiyo Kinyozi alimpa Cheche mwenyewe, pale pale, asubuhi moja ya mwaka uliopita, walipokuwa wakila. Aliisimulia yote bila kutazama pembeni. Cheche siku ile alikata mkate wake katikati, akampa nusu iliyo kubwa. Ndiyo maana neno lilimchoma Kinyozi mahali ambapo tusi la mtu baki lisingefika.

Na Cheche naye alijua amefanya nini. Uso ulimshuka. Aligeuka mtoni haraka, kama mtu anayetaka kujificha kwenye kazi, akauzungusha ufito nyuma kwa mzunguko mkubwa.

Hakusema "Natupa." Alishasahau kuisema, mwezi mzima alikuwa anasemewa. Na Mwalimu, aliyekuwa anamsemea, alikuwa amekaa mdomo wazi, bado analitafuta jibu la lile neno.

Kinyozi alikuwa ameshasimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani. Ndoana zilikutana nao huko.

Mguu mmoja uliingia kwenye nyama ya dole gumba, wa pili ukaingia kwenye kiganja. Cheche, aliposikia uzito, alidhani amenasa kwenye vyuma vya ngazi. Akavuta kwa nguvu. Ndoana zikazama mpaka shinani, na mwiba mmoja wa nyuma, ule unaozuia ndoana isichomoke, ukatokeza upande wa pili wa ngozi, unameta.

Kinyozi hakupiga kelele. Alimpiga. Ngumi ya kushoto ilimpata Cheche puani, na pua ikavunjika kwa sauti kama ya mkaa mkavu. Cheche alirudi nyuma, uzi ukavuta, maumivu yakapanda mpaka begani kwa Kinyozi, naye akayafuata maumivu hayo mbele, akampiga tena mdomoni, akampiga tena jichoni. Alimshika shingo, akakigonga kichwa chake kwenye chuma cha kujishikia, mara moja, mara ya pili. Damu ilimwagikia mikono ya wote wawili, isijulikane ni ya nani.

Ni vibaya kusema, lakini ni kweli, kwamba Kinyozi alisikia raha. Aliitambua raha hiyo kama mtu anavyotambua harufu ya nyumba aliyokulia. Alimkumbuka mkewe pia. Hakuwa amesahau hata kidogo. Alimwona wazi amesimama mbele ya wazee, alisikia kila neno, na mkono ukaendelea.

"Mwanangu, mwachie. Mwachie, utaua." Mwalimu alikuwa amemshika kiwiko kwa mikono miwili. Kinyozi alikikung'uta kiwiko hicho nyuma bila kuangalia. Kikampata mama wa watu usoni. Miwani ikapasuka, akakaa chini kwa kishindo, mkono kwenye shavu.

Cheche akapata nafasi. Alirusha goti, likampata Kinyozi tumboni. Kinyozi akajikunja, kisha akamsukuma kwa bega kwa uzito wake wote. Kisigino cha Cheche kilitua kwenye ule ute wa ngazi ya tatu. Akaenda chali, kichwa kikapiga ukingo wa saruji, na mto ukamchukua.

Ufito ulikuwa bado mkononi mwake. Labda aliusahau, labda mkono wa mtu anayezama hauachii kitu. Uzi ulinyooka juu ya maji, ukakaza, na kwa kuwa gurudumu lilikuwa limefungwa kabisa, uzito wote wa mtu na wa mto ulikuja kwenye zile ndoana mbili.

Hapo ndipo Kinyozi alipolia kwa sauti, kilio ambacho dereva wa lori alikieleza baadaye kwamba hajawahi kukisikia kwa mtu. Aliburutwa hatua mbili, akapiga magoti. Mfukoni alikuwa na wembe. Kinyozi hatembei bila wembe. Mkono wa kushoto ulishakwenda, ulishautoa, makali yakawa juu ya uzi.

Kichwa cha Cheche kiliibuka. Uso ulikuwa hauna sura tena. Kikazama.

Kinyozi alitupa wembe majini. Akausokota uzi kwenye mkono wa kulia, mara tatu, juu ya kifundo, ili nguvu zisikae kwenye ndoana peke yake, na ule uzi mwembamba ukaingia nyamani kama unavyoingia kwenye sabuni. Akaweka miguu kwenye nguzo ya chuma, akalala chali, akavuta. Mto ulivuta huku, yeye akavuta kule. Ngozi ya kiganja ilipasuka kutoka doleni mpaka katikati. Ndoana moja ikachomoka na kipande cha nyama. Ya pili ikashika mfupa, na hiyo ndiyo iliyomwokoa Cheche.

"Njooni," Mwalimu aliwaambia watu, akiwa bado amekaa chini, haoni vizuri. Hakupaza sauti, aliitoa tu kama anavyotoa sauti ya darasani, na watu waliokuwa wameganda wakashuka mbio. Dereva wa lori aliingia majini mpaka kifuani, mwenzake akamshika mkanda. Wakampata Cheche kwa ukosi wa shati, wakamlaza kwenye ngazi, wakamgeuza ubavu, akatapika mto na damu.

Mwalimu alipapasa saruji mpaka akakipata kopo lake. Alimfunga Kinyozi kitambaa safi kwenye mkono, akakaza sawasawa, shavu lake mwenyewe likiwa linavimba kama andazi. Hakumlaumu. Alimwambia tu, "Shikilia hapa, mwanangu, usiachie."

Dereva aliwapakia wote watatu kwenye lori lake, akawapeleka hospitali.

Ilipofika saa nane mchana walikuwa chumba kimoja cha majeruhi. Cheche alikuwa amelala, pua imejazwa pamba, jicho moja limefungwa, kichwa kina nyuzi kumi na moja. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili. Daktari alikuwa amemweleza, bila kumzungusha, kwamba mshipa wa dole gumba umekatika, na mkono ule utashika kijiko lakini mashine ya kunyolea asitegemee. Mwalimu alikaa kwenye benchi, miwani iliyopasuka mapajani.

Mke wa Kinyozi aliingia, bado amevaa nguo za nyumbani, kanga ameifunga vibaya kwa haraka. Alisimama katikati ya vitanda viwili, akatazama huku, akatazama kule. Hakuuliza kitu.

Cheche ndiye aliyeanza. Aliongea kwa shida, maneno yakipita kwenye midomo iliyopasuka.

"Shemeji, niliteleza. Ngazi zina ute. Mumeo kaniopoa kwa mkono wake, na ndoana zangu ziko ndani. Bila yeye saa hizi kambare wangekuwa wananigombania."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Hakulikubali neno hilo, wala hakulikataa. Alimwachia Kinyozi mwenyewe aseme.

Lilikuwa jambo la wema, na Kinyozi alilijua kuwa ni wema. Mtu ambaye yeye alimvunja pua alikuwa anamrudishia nyumba yake, bure, akiwa amelala na nyuzi kichwani. Alichohitaji ni kunyamaza tu. Lakini neno lenyewe alilijua vizuri mno. Miaka mitatu nyuma, katika chumba kama kile, daktari aliuliza taya imevunjikaje, na ni yeye Kinyozi aliyejibu haraka kabla mkewe hajafungua mdomo ambao haukuweza kufunguka. Alisema, "Aliteleza." Mkewe siku ile alimtazama. Sasa pia alikuwa anamtazama, macho yale yale.

"Nilimpiga," Kinyozi alisema.

"Kinyozi, nyamaza," Cheche alisema kutoka kitandani.

"Nilimpiga kabla hajateleza. Pua ni mimi, jicho ni mimi. Kichwa nilikigonga kwenye chuma, kisha nikamsukuma. Alinitukana, na ndoana ziliniingia, lakini mkono wangu ulikuwa umenyanyuka kabla ya ndoana. Shavu la Mwalimu ni kiwiko changu." Alimeza mate. "Na nilikukumbuka. Sikusahau. Nilikukumbuka, na bado nikampiga."

Nesi aliyekuwa anakunja mashuka mlangoni aliacha kukunja, kisha akaondoka kwa kunyata, awaachie nafasi.

Mke alivuta kiti, akakaa mbele ya mumewe. Alilowesha ncha ya kanga yake kwenye beseni, akamfuta damu iliyokaukia nyuma ya sikio na shingoni, mahali ambapo manesi hawakufika. Alifanya taratibu, hakuruka mahali. Alipomaliza akaenda kwa Mwalimu, akamtazama shavu, akamwambia, "Pole, mama." Akamfunika Cheche miguu, iliyokuwa nje ya shuka.

"Nilisema sitauliza nani alianza," alisema.

"Ulisema."

"Siulizi. Jioni nitamchukua mtoto, twende kwa dada." Alisema bila hasira, na bila haraka. "Ungeniambia kateleza, usingeniona tena. Wala mtoto."

Kinyozi aliinamisha kichwa.

"Jumapili nitamleta akuone. Atauliza mkono una nini. Utamwambia kama ulivyoniambia mimi."

"Ni mdogo."

"Alikuwa mdogo zaidi alipoona mengine."

"Yote?"

"Yote. Mpaka ile ya kwamba ulitukumbuka."

Alisubiri mpaka mumewe alipokubali kwa kichwa. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka, akaurudishia mlango polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala.